Sura ya Nane: Moto wa Nyumba ya Magurudumu

Moto uliondoka nyumbani kwa Wakonyo asubuhi hiyo ndani ya chungu, umefunikwa majivu, na mwenye nyumba hakuambiwa.

Mwenye nyumba alikuwa Hezekiah Wamae, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na yote magumu kama mahindi ya mwaka jana. Alikuwa amesema lake tangu jana yake, akalifunga.

"Moto wa bibi arusi hutoka kwa mama wa mume," alisema. "Mama wa mume yuko wapi? Yuko Samia, mpakani mwa Uganda! Nani atabeba kaa la moto kutoka Samia hadi Nyeri? Basi binti hana moto. Na nyumba isiyo na moto ni zizi. Tena zizi lenyewe lina magurudumu!"

Ndoa ilikuwa imefungwa kanisani Jumamosi, na hilo mzee hakuweza kulifungua. Lakini moto ulikuwa wake kuunyima, akaunyima. Huku kwetu mlimani moto wa nyumba mpya hauwashwi kwa kiberiti. Hutolewa katika nyumba ya zamani, hubebwa, na ukizimika njiani watu hutazamana vibaya. Moto wa Wakonyo, mke wa mzee, ulimzidi umri Murugi, binti yao. Siku walipohamishwa na askari wa mkoloni kutoka shambani kwao na kupelekwa kijijini Ruring'u, nyumba ya zamani ikiteketea nyuma yao, mama huyo aliacha kitanda na sufuria, akabeba chungu cha makaa. Sasa alikuwa amekibeba tena, chini ya shuka lake, akikikumbatia kama mtoto mwenye homa.

Ilikuwa Gathano, yale majira ya baridi na ukungu ambayo watu wa Nyeri huyavumilia kila mwaka na hawayazoei. Karatasi ya ruhusa ya kutoka kijijini ilikuwa ya watu wawili, na ilisema warudi kabla ya jua kuzama, ingawa jua lenyewe hakuna aliyeliona kwa siku nyingi.

Murugi alikohoa. Mama yake akasimama, akangoja amalize, kisha wakaendelea.

"Mama, baba akijua?"

"Atajua. Baba yako huhesabu makaa kama anavyohesabu dhambi za wenzake."

"Na usipoipenda hiyo nyumba?"

"Nisipoipenda, moto unarudi nami," Wakonyo akajibu. "Na wewe unarudi na moto. Mwaka jana kichomi kilikulaza mpaka mchungaji akaitwa. Sitakupeleka mahali pa kukumaliza kwa sababu kijana ana meno mazuri."

Murugi angecheka siku nyingine. Kefa Wandera, mumewe, alikuwa na meno mazuri kweli. Alikuwa fundi wa magari ya watengeneza barabara, na kikosi chao kilikuwa kinahama siku hiyo hiyo kwenda upande wa Nanyuki na kupita, hakuna aliyejua kwa muda gani. Msimamizi wao alikuwa amekata neno: hema si mahali pa mke. Fundi mwenye nyumba yake ya kuhamahama angeandikiwa pasi ya mkewe. Asiye nayo angemwacha mke alikomkuta. Na siku hizo, binti wa Kikuyu aliyeachwa kijijini bila pasi angeweza kukaa humo mpaka mvi zimtoke. Murugi alilijua hilo vizuri, ndiyo maana miguu yake ilikuwa mizito na moyo wake unakimbia.

Uwanja wa magari makuukuu ulikuwa mwisho wa mji, nyuma ya maduka. Mlinzi wake, ambaye pia ndiye aliyekuwa muuzaji, alikuwa Nehemiah, mtu wa Machakos mwenye koti la jeshi na maneno mengi kuliko koti. Kefa alikuwa amemfanyia tajiri wa uwanja huo kazi ya mainjini kila Jumamosi na kila jioni kwa miezi, na malipo yake yalikuwa kuchagua gari moja kati ya mawili yaliyosimama kwenye matope: karavani ya bati na lori la zamani lenye bodi ya mbao.

Alikuwa amesimama kati ya hayo mawili, kofia mkononi. Alipomwona Murugi, uso wake wote ulifunguka. Murugi naye alisahau baridi. Walitazamana kwa namna ambayo watu waliooana wiki iliyopita na hawajalala chini ya paa moja ndio wanaoijua, na ningekuwa mimi Nehemiah ningegeuka nitazame mlima.

Kisha Wakonyo akatokea kwenye ukungu, na Kefa akageuza uso kama aliyechomwa na jua.

"Habari ya asubuhi, Mama," aliiambia tairi.

Wakonyo alinyoosha mkono wa kulia kumsalimu. Ulikuwa mkono wenye vidole viwili vilivyopinda. Miaka miwili kabla ya siku hiyo, gari la askari, la kijivu, lilikuja kumchukua Gatimu, kaka yake Murugi, Murugi akiwa mtoni. Lilimchukua akiwa na fulana tu, katika ukungu kama huu. Wakonyo alishika kishikio cha mlango wa nyuma, na gari lilipoondoka hakuachilia. Lilimburuta mpaka kishikio kikapinda na vidole vikapinda, likaenda. Gatimu hakurudi, wala habari zake hazikurudi. Tangu hapo, kila Gathano ikianza, mama yake alikuwa akisema neno lile lile akichochea moto: "Alivaa fulana tu."

Mkono huo ulibaki hewani. Kefa aliinama, macho chini, akarudi nyuma hatua moja.

"Murugi," alisema, "ambia Mama karibu."

"Kwani mimi ni kiziwi?" Wakonyo alimuuliza binti yake kwa Kikuyu, akaurudisha mkono chini ya shuka.

Nehemiah aliona hali imechacha, akajitupa katikati. "Karibu Mama, karibu! Tuanze na hii karavani. Ilikuwa ya mzungu, anaenda nayo kuvua samaki. Ona! Iko na kioo, iko na kabati, iko na kitanda ya sponji. Hata mke wa DC anaweza lala hapa na asinung'unike."

Murugi aliingia, na nisikudanganye, aliipenda. Kulikuwa na mapazia yenye maua madogo ya samawati, na kioo ambacho alijiona ndani yake, shingo ndefu, kitambaa cheupe, macho ya mtu asiyelala. Alijiona akimpikia Kefa hapo, mvua ikipiga bati. Wakonyo hakutazama kioo. Aliweka kiganja ukutani, akakitoa, akamwonyesha binti yake. Kilikuwa kimelowa.

"Hii ukuta inaria," alisema kwa Kiswahili chake, kilichogeuza kila 'l' kuwa 'r', ili Nehemiah asikie.

"Ah, hiyo ni asubuhi tu, Mama."

"Murugi," sauti ya Kefa ikatoka nje, alikosimama akiwa amewapa mgongo. "Ambia Mama nimelala ndani usiku moja kujaribu. Niliamka blanketi iko maji. Bati ikipata pumzi ya watu inatoa jasho."

"Na moto?" Wakonyo akauliza. "Moto inakaa wapi?"

"Rahisi!" Nehemiah akasema. "Mnaweka jiko ya makaa hapa katikati, mnafunga mlango, joto tele mpaka asubuhi."

"Hapana!" Kefa alipaza sauti. "Makaa ndani ya bati imefungwa inaua watu wakiwa usingizini. Niliona Kisumu, bwana na bibi, asubuhi walikuwa wamekufa bila hata alama. Nehemiah, usiambie watu hivyo."

Nehemiah akaanza kuifuta karavani kwa mkono wa koti. Wakonyo alishuka akikikumbatia chungu chake, na kwa mara ya kwanza alimtazama kijana huyo, mgongo wake mpana, shingo iliyoinama. Huenda hapo alianza kumpenda kidogo. Bahati mbaya, walikuwa hawajafika kwenye lori.

Lori hilo Murugi alikuwa amelijua kwa masikio kabla ya kuliona. Kila Jumapili, baada ya ibada, Kefa, aliyekuwa ameshalichagua moyoni, alimsimulia kama mtu anayesimulia juu ya mtoto wake. Alilikuta sakafu imeoza, ukisimama ndani unaona matope. Kuta zilikuwa na nyufa za kupitisha mkono, upepo unaingia huku na kutokea kule. Aling'oa zote. Aliweka mbao za mtarakwa, ukuta na sakafu, akaziba kila mwanya kwa gunia na lami, akapaka oili chakavu kuzuia mchwa mpaka zikawa nyeusi kama za zamani. Aliinua kitanda juu ya sakafu. Alipata jiko la chuma lenye bomba la kutoa moshi nje, akalifunga pembeni. Nje akapaka rangi ya kijani. Katika kazi hiyo nyundo ilimwangukia kidole gumba, na ukucha wake ulikuwa bado mweusi. Kitu kimoja tu hakukigusa. Kishikio cha mlango wa nyuma kilikuwa kimepinda lakini imara, naye hakuona sababu ya kukibadilisha.

"Hii sasa ndiyo nyumba," Kefa alisema, na sauti yake ilikuwa na aibu na fahari pamoja. "Murugi, peleka Mama aone."

Wakonyo alizunguka nyuma ya lori na kuinua mkono ili apande. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kishikio. Vidole viwili vilivyopinda vilikaa juu ya chuma kilichopinda, vikaenea sawasawa.

Hakupiga kelele. Alisimama hivyo, mkono juu, kwa muda ambao Murugi alidhani anapumzika. Kisha akauteremsha mkono, akatafuta gogo lililokuwa kando, akakaa. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Mama? Ni kifua?"

"Tunarudi nyumbani."

"Mama, hata hujaingia!"

"Ndilo," Wakonyo alisema kwa Kikuyu, polepole. "Wamelipaka rangi. Lakini ndilo lililomchukua Gatimu. Mkono wangu haujasahau." Akakaza shuka juu ya chungu. "Muulize mumeo kwa nini hanitazami. Mtu anayeficha macho anaficha jambo."

 Murugi alikwenda mbele ya lori alikokuwa Kefa, akamshika shati kifuani, yeye ambaye mpaka siku hiyo hakuwahi kumgusa mbele ya watu.

"Ulipaka rangi kwa nini?"

"Kutu. Ilikuwa na kutu."

"Ilikuwa rangi gani?"

"Kijivu. Murugi, kuna nini?"

"Ilikuwa inabeba nini, Kefa?"

"Sijui. Nehemiah alisema ilikuwa inabeba vitu huku na huku, halafu wakaiuza."

"Vitu!" Sauti ilimkatika. "Gatimu ni vitu? Hii ndiyo ilibeba ndugu yangu! Mama alishika hapo nyuma, ikamvunja vidole. Na wewe unaniwekea kitanda ndani!"

Kefa aligeuza shingo kutazama nyuma ya lori.

"Ulijua," Murugi akasema. "Ndiyo sababu huwezi angalia mama yangu kwa macho. Amekupa mkono, wewe ukasalimia tairi!"

"Wacha. Wacha kidogo." Kefa alikuwa ametokwa na jasho katikati ya baridi ile. "Murugi, kwetu hiyo ndiyo heshima. Mama wa bibi yako humshiki mkono. Humwangalii kwa uso. Paa moja haiwezi kufunika nyinyi wote wawili. Mtu akifanya hivyo, kijiji yote inasema hakulelewa. Nilidhani... nilidhani ni dunia yote iko hivyo. Naapa kwa mama yangu, hiyo gari sikujua."

Murugi alimtazama. Machozi yalikuwa yamesimama katika macho ya mwanamume huyo. Alimwamini. Kuamini hakukumsaidia kitu, kwa sababu lori lilibaki pale pale, na mama yake kwenye gogo.

"Basi tuchukue ya bati," Kefa alisema.

"Ya bati itaniua. Umesema wewe mwenyewe."

"Basi niache kazi. Nibaki."

"Ubaki wapi? Ukiacha kazi hawatakuruhusu kukaa kijijini. Watakupandisha gari la moshi urudi Samia."

"Basi twende sisi wawili, tuombe ya bati kwanza, halafu nitengeneze..."

"Kikosi inaondoka leo, Kefa."

Kwa mbali honi ya lori la kikosi ililia ikiita wafanyakazi. Murugi aliachilia shati, akalinyoosha kwa kiganja pale alipolikunja.

"Enda," alisema. "Gathano ikiisha, kifua ikipona, nitakuja."

"Utakuja wapi? Hata mimi sijui tutakuwa wapi."

"Nitauliza."

"Na pasi?"

Kefa alimshika mikono yote miwili, akaibana kati ya yake, na Murugi akauhisi ule ukucha mweusi, mgumu, juu ya ngozi yake. Alimpenda wakati huo kuliko siku ya kanisani, na aliona wazi kwamba wanaagana. Hiyo ndiyo dhuluma ya mapenzi. Huja na nguvu zote wakati mlango unafungwa.

Murugi alirudi kwenye gogo, akapiga magoti mbele ya mama yake, akamweleza ile heshima ya Samia, neno kwa neno. Wakonyo alisikiliza akitazama chungu.

"Kwa hiyo tairi ilisalimiwa kwa niaba yangu," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Mama."

"Na hakujua."

"Hakujua. Twende nyumbani. Nimeshamwambia."

Wakonyo hakuinuka kwa upande wa nyumbani. Aliweka chungu mapajani mwa binti yake, akaenda kwenye lori, akashika kile kishikio bila kukitazama, akapanda. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Watatu waliobaki nje walisikia kisigino kikipiga sakafu, kutoka pembe hadi pembe. Walisikia kiganja kikipapasa mbao, juu, chini, kikisimama kwenye maungio. Halafu kimya. Kimya hicho kilirefuka mpaka Nehemiah akavua kofia bila kujua kwa nini. Murugi alitaka kuingia, lakini kitu kilimwambia kwamba humo ndani mama yake hakuwa peke yake.

Mlango ulipofunguliwa, macho ya Wakonyo yalikuwa mekundu na makavu.

"Kefa," aliita. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja jina.

"Naam, Mama." Aliitikia akitazama matope.

"Hii mbao. Ni wewe uriweka, ama irikuwa?"

Murugi alilielewa swali hilo kabla Kefa hajalielewa. Mama yake hakuwa anauliza habari za useremala. Kwa miaka miwili alikuwa amewaza safari ile, fulana ile, upepo ule. Mambo makubwa alikuwa amemwachia Mungu. Hili dogo ndilo lililomtafuna: kama mtoto wake alipata baridi njiani. Na jibu lilikuwa mdomoni mwa mtu ambaye ndiye aliyezing'oa mbao zilizooza na kuona matope chini yake.

Kefa aliinua uso. Polepole, kama mtu anayeinua mzigo, aliinua macho yake, akamtazama mama mkwe wake usoni.

"Ilikuwa, Mama," alisema. "Yote ilikuwa. Mimi nimepaka oili tu."

"Na hii sakafu?"

"Ilikuwa."

"Upepo hairikuwa inaingia?"

"Hata ya kuzima mshumaa, hakuna."

Kidole gumba chenye ukucha mweusi kilikuwa kimejificha ndani ya ngumi. Murugi alikiona kikiingia. Aliuma mdomo, akatazama pembeni ili uso wake usimsaliti.

Wakonyo alitikisa kichwa, mara nyingi, kama anayekubaliana na mtu aliye mbali. "Haya," alisema. "Iko kavu. Hata moshi iko na njia. Hapa mtu wa kifua anaweza kurara."

Akashuka, akachukua chungu kutoka kwa Murugi, akamnyooshea Kefa.

"Mama ya bwana ako mbari," alisema. "Reo mimi ndio mama ya bwana. Shika."

Kefa alikitazama chungu, akawatazama wote. Huko kwao mambo haya mawili, kumtazama mama mkwe na kupokea kitu kutoka mkononi mwake, yangegharimu mbuzi na kikao cha wazee. Akapiga hatua, akapokea. Vidole vyake viligusa vile vilivyopinda, na hakuna hata mmoja aliyevuta mkono.

Kaa liliingia kwenye jiko la chuma likiwa bado jekundu tumboni. Kefa alienda mbele kuwasha injini. Pasi ilikuwa ikaandikwe kambini, na honi ilikuwa imelia mara ya pili. Nehemiah alibaki akiifuta karavani yake, akiiambia kwamba yeye bado anaiona nzuri.

Murugi alisimama mlangoni pa nyuma, mama yake akiwa chini kwenye matope. Walizungumza Kikuyu, kwa sauti ya chini.

"Karatasi ni ya watu wawili, Mama. Utasema nini getini?"

"Wataniuliza mwingine yuko wapi, nitasema ameolewa. Hilo angalau lina jibu."

"Na baba?"

"Baba yako atanuna mpaka mavuno. Mwache anune, chakula hakimshindi." Mkono wake ulipapasa ubao wa mlango. "Mtarakwa," alisema. "Harufu yake bado mbichi chini ya hiyo oili. Babu yako alikuwa anajengea mtarakwa. Ukikaa mwaka mmoja, haunuki tena hivi."

"Mama..."

"Gatimu alipata baridi, mwanangu. Najua. Nilijua nilipoingia tu." Alikaza shuka mabegani. "Lakini nilitaka kusikia mtu akikataa. Na huyo mtu wako wa Samia amekataa kwa macho makavu, na mila yake akaikanyaga. Mtu atakayesimama hivyo mbele yangu kuniondolea baridi ya mtoto aliyekwisha kwenda, hatakuacha wewe uipate. Usimwambie nimejua."

"Sitamwambia."

"Na uuchunge huo moto."

Injini ilinguruma. Murugi alishika mkono wa mama yake, ukamponyoka, kwa sababu ulikuwa umekwenda mahali pengine. Wakonyo alikuwa amekishika kile kishikio kilichopinda. Lori lilipoanza kusogea, alitembea nalo. Alitembea akikanyaga matope, uso umeinuliwa, na Murugi akajua kwamba amesharudi katika siku ile nyingine. Akataka kupiga kelele Kefa asimame. Kabla hajapiga, mama yake alifungua vidole mwenyewe, kimoja kimoja, vile viwili vilivyopinda vikawa vya mwisho.

Akabaki amesimama barabarani, mkono umeinuka nusu. Ukungu ukamchukua miguu kwanza, kisha shuka, kisha kitambaa cha kichwa.

Murugi alifunga mlango. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya mtarakwa, na upepo haukuwamo. Alipiga magoti kwenye sakafu aliyowekewa na mumewe, akafungua kijimlango cha jiko. Kaa lilikuwa limeanza kufunikwa na jivu. Akainama, machozi yakimdondoka kwenye mikono, akalipuliza mpaka likawaka.